Alliance ni shule ya nani? Jibu kwa mama wa Kaloleni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kaloleni, kaunti ya Kilifi. Kifungua mimba wangu amepangiwa Shule ya Upili ya Alliance kule Kikuyu, Gredi ya 10, mkondo wa STEM, yaani wa sayansi na hisabati. Nyumbani kumezuka mjadala. Mjomba wake asema hiyo ni shule ya kanisa na ya watu wa bara, mtoto wetu atakuwa mgeni. Jirani asema siku hizi limebaki jina tu. Mimi nina wasiwasi mwingine: kijana huyu anapenda sana kuandika mashairi na michezo ya kuigiza kwa Kiswahili. Je, hatapotelea kwenye sayansi? Nieleze shule hii ilitoka wapi, ni ya nani, na inafundisha nini.

JIBU: Marahaba, mama. Hongera kwako na kwa kijana. Nianze na la mjomba, kwa sababu ndilo linaloweza kumfanya mtoto aingie bwenini na moyo mzito.

Alliance ni shule ya umma. Walimu wake wanaajiriwa na kulipwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Mitihani yake ni ile ile ya taifa zima. Karo ya bweni imewekwa na Wizara ya Elimu, shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule za kitaifa, mbali na mgao wa shilingi 22,244 ambao serikali humtengea kila mwanafunzi wa sekondari. Mwanao hakupewa nafasi hiyo kwa hisani ya mtu. Aliipata kwa hesabu iliyotumika nchi nzima: asilimia 60 kutoka mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8.

Hata hivyo mjomba hakuzua. Shule hii ilizaliwa na makanisa, na mpaka Sheria ya Elimu ya 1968 ilipopitishwa makanisa ndiyo yaliyokuwa na usemi mkubwa ndani yake. Sheria ile iliyaacha makanisa yakiwa wafadhili, yakiwa na sauti katika mambo ya kiroho na katika bodi, huku uendeshaji na mishahara vikiwa mikononi mwa serikali. Ndiyo maana mwanao atakuta kanisa katikati ya shule na ibada katika ratiba ya wiki.

Ila kwenye hilo la "watu wa bara" mjomba amekosea, na mtu wa Kilifi ana haki ya kulijua kosa hilo vizuri. Mwaka 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, kwenye kituo cha Kanisa la Scotland, wakitafuta namna ya kufanya kazi pamoja badala ya kugombania vijiji. Mkutano ulimalizika kwa ibada ya pamoja, na watu wa madhehebu mengine wakapewa komunyo pamoja na Waanglikana. Habari zilipofika Unguja, Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, alikasirika mno. Aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wamepotoka kiimani. Zogo hilo lilijaza magazeti ya Uingereza. Ndoto ya kuwa na kanisa moja ikafa, ila mwaka 1918 misheni nne zikakubaliana angalau kuungana katika kazi: Kanisa la Scotland, CMS (shirika la kimisionari la Waanglikana), Africa Inland Mission na Wamethodisti. Muungano huo, kwa Kiingereza Alliance, ndio uliokuja kuipa shule jina lake.

Sasa tazama. CMS ilikuwa Rabai tangu miaka ya 1840, enzi za Krapf na Rebmann. Wamethodisti walianzia Ribe mwaka 1862, hapo hapo jirani yenu. Kwa hiyo misheni mbili kati ya hizo nne zilianza kazi yao ya Kenya katika vilima vya Kilifi, miongo mingi kabla ya Mzungu kujenga shule Kikuyu. Na wana wa pwani walikwenda. Ronald Ngala, Mgiriama, alisoma Alliance, akaenda Makerere, akarudi kufundisha pwani na kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton mjini Mombasa, kisha akaja kuwa kiongozi wa chama cha siasa cha KADU. Mjomba akikumbushwa jina la Ngala, naamini atalilegeza neno lake.

Shule yenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926. Miaka 100 yake inatimia Machi 2026, mwaka ule ule mwanao anaoripoti. Darasa la kwanza lilikuwa na wavulana wasiofika thelathini, na mwalimu mkuu alikuwa G. A. Grieves. Wakati huo hapakuwa na mahali pengine Kenya ambapo Mwafrika angeweza kuanza masomo ya sekondari, kwa hiyo waliotoka kila pembe ya nchi walijikuta pamoja: Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mluhya, Mtaita, Mmijikenda. Wengi wao hawakuwa na lugha ya kuelewana ila Kiswahili na Kiingereza cha kubahatisha.

Walifundishwa nini? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha swali lako. Mwaka 1924 tume ya wakfu wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa James Aggrey, msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na bweni moja la Alliance limeitwa kwa jina lake. Tume ilisifu shule za Hampton na Tuskegee, zilizowasomesha Wamarekani weusi kusini mwa Marekani: kilimo, useremala, ualimu, usafi, nidhamu, na masomo ya vitabu kwa kiasi. Serikali ya kikoloni ilipenda mfano huo. Alliance ya Grieves ikaufuata. Kijana alisoma Kiingereza, hesabu na Biblia, lakini pia alishika jembe na randa, na wengi waliandaliwa kuwa walimu wa shule za misheni. Kauli ya shule, ile inayodumu hadi leo, ilikuwa kuwa na nguvu ili kutumikia.

Mpango ule ulikuwa na dharau ndani yake. Mtoto wa mlowezi alisoma ili aje kuamuru, na mtoto wa Mwafrika alisoma ili aje kuwa na manufaa kwa anayeamuru. Walioupanga walidhani mtu anaweza kufundishwa kusoma kwa kipimo fulani, kisha akatosheka. Wanafunzi wenyewe waliwaonyesha kuwa haiwezekani. Mbiyu Koinange, aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa, alivuka bahari mpaka Hampton kwenyewe, akasoma na kusoma, kisha akarudi kuongoza chuo cha ualimu cha Githunguri, chuo cha Waafrika kisichokuwa chini ya misheni wala serikali. Serikali ya kikoloni ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa 1952 kupambana na wapiganaji wa Mau Mau. Eliud Mathu, mwingine wa miaka ile, alifika Fort Hare na Oxford, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. James Gichuru alisoma hapo, akafundisha hapo, na baada ya uhuru akawa waziri wa fedha. Jaramogi Oginga Odinga alipitia hapo akielekea Makerere. Mtaala uliandaliwa kutoa mafundi na makarani waaminifu, ukatoa watu waliouliza kwa nini ardhi imechukuliwa.

Mwaka 1940 Grieves aliondoka, akaja Edward Carey Francis. Huyu alikuwa mhadhiri wa hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge aliyeiacha kazi hiyo mwaka 1928 kwenda kufundisha shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya. Alikuwa kapera, mchamungu, mkali kupindukia kuhusu saa na kazi, na alifundisha hesabu mwenyewe hata akiwa mwalimu mkuu. Chini yake mizani iligeuka. Randa na jembe vikarudi nyuma, na shabaha ikawa cheti cha Cambridge: mtihani ule ule wa mtoto wa Kizungu, unaosahihishwa Uingereza na mtu asiyejua rangi ya mikono iliyoandika. Nafikiri hilo ndilo jambo kubwa alilolifanya. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa siasa za uhuru. Aliipinga Mau Mau waziwazi, ingawa alilalamikia pia ukatili wa askari wa serikali. Lakini vijana wake waliposhinda mitihani ile, hoja ya kwamba Mwafrika hajawa tayari ilikosa pa kusimama. Ilipofika 1963, baraza la kwanza la mawaziri la Kenya lilikuwa limejaa watu waliopitia Alliance. Carey Francis alistaafu 1962, na badala ya kurudi kwao akaenda kufundisha shule ya Pumwani, mtaa wa watu maskini Nairobi, mpaka alipofariki 1966.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, kuanzia 1952, ilikuwa migumu kwa shule iliyo katikati ya nchi ya Wakikuyu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliingia Alliance mwaka 1955. Aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta boma lao limebomolewa na watu wamehamishiwa kwenye kijiji cha kulazimishwa. Ndani ya ua wa shule kulikuwa na vitabu, sare safi na mechi za mpira. Nje kulikuwa na bunduki na vizuizi vya barabarani. Ukitaka kuelewa kwa nini wazee wa shule hiyo wanaizungumzia kwa mapenzi yaliyochanganyika na uchungu, anzia hapo.

Na hapa ndipo ninapofika kwa kijana wako na mashairi yake.

Kila mwaka wanafunzi wa Alliance walicheza mchezo mmoja wa Shakespeare, kwa Kiingereza, na wavulana ndio waliocheza hata nafasi za wanawake. Katika miaka minne ya Ngũgĩ pale walicheza minne, King Lear ukiwa mmojawapo. Hilo linajulikana sana. Lisilojulikana sana, hata na walimu wengi wa fasihi, ni kwamba wanafunzi hao hao walianza kuandika michezo yao wenyewe, tena kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini akiwa mwanafunzi pale. Mchezo huo ukachapwa mwaka 1957 na ni miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili kuchapishwa. Wakafuata wengine: Kimani Nyoike na Maisha ni Nini, B. M. Kurutu na Atakiwa na Polisi, Gerishon Ngugi (si yule Ngũgĩ wa riwaya) na Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Ukisoma historia ya tamthilia andishi ya Kiswahili, majina hayo yako mlangoni, kabla ya waandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein na Penina Muhando wa Tanzania.

Wahakiki wana haki ya kusema michezo ile haina makali ya kisiasa. Nchi ilikuwa inawaka, nayo inahadithia mapenzi, mji, polisi na uchawi. Lakini fikiria ni nani waliokuwa wakiiandika. Ni vijana wa kidato, wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama, ndani ya shule iliyopima akili kwa Kiingereza, mchana wakishinda na fizikia na hesabu za mitihani. Hakuna somo lililowaamuru waandike. Waliandika jioni, wakafanya mazoezi wikendi, wakawachezea wenzao, na wenzao wakacheka kwa lugha waliyoielewa wote. Kijana wa Kaloleni, ambaye Kiswahili kwake kinatoka kwenye chemchemi yenyewe, ana nini cha kuogopa mahali kama hapo?

Tangu uhuru mambo yalibadilika mara kadhaa, na nitayapita upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 shule iliongeza kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1985 ulipoingia mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), vidato hivyo vikawekwa kaburini taratibu, na mtihani wa mwisho ukawa KCSE kuanzia 1989. Wasichana walikuwa wameshapata shule yao tangu 1948, jirani hapo hapo Kikuyu, na hiyo nayo ina historia inayostahili makala yake peke yake.

Je, limebaki jina tu, kama asemavyo jirani? Ana hoja ya kusikilizwa. Zamani shule za kitaifa zilikuwa 18. Kuanzia 2011 serikali iliziongeza mpaka zikafika 103, na wanafunzi bora wakatawanyika. Maseno ni ya 1906, Mang'u ni ya 1925, na zote mbili hazikubali kuwa nyuma ya Alliance kwa lolote. Kisha kuna hili: shule inayopokea watoto walioshinda mitihani haipaswi kujisifu sana wanaposhinda tena. Mimi huwa sizitazami sana alama za wastani za shule kama hizi. Natazama mtoto anakutana na nani, anapewa muda gani wa kufanya jambo asilolazimishwa, na mwalimu wake ana watu wangapi mbele yake.

Kwa hilo la mwisho, mama, mwaka 2026 ni wa pekee. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea kidato cha kwanza, kwa sababu watoto wa kundi lililofuata, la kwanza la mfumo mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4, walikuwa bado Gredi ya 9. Sasa mwanao anaingia na kundi la kwanza kabisa la Gredi ya 10, akikuta kidato cha tatu na cha nne wa 8-4-4. Walimu wale wale watabeba mitaala miwili mpaka KCSE ya mwisho ya mfumo huo, mwaka 2027. Mwanao atamaliza 2028. Vitabu vipya, mbinu mpya, tathmini mpya, vyote vitajaribiwa kwa darasa lake kwanza. Hilo si la Alliance peke yake, lakini ukiona mwalimu amechoka, ujue sababu.

Masomo yenyewe yako hivi. Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Yeyote yule, mkondo wowote, ana masomo manne ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Juu ya hayo anachagua matatu. Aliye STEM anaweza kuwa na Fizikia, Kemia na Biolojia, au Kompyuta, au Kilimo; orodha ya taifa ina mpaka useremala, umeme, ujenzi, usafiri wa anga, na uvuvi na mambo ya bahari, ambao nautaja kwa kuwa wewe ni mtu wa pwani. Hakuna shule inayofundisha yote. Kila moja hufundisha yale yenye walimu na maabara.

Nimeyasoma hayo mara kwa mara nikiikumbuka Alliance ya 1926. Useremala na kilimo vimerudi kwenye orodha ya masomo ya kuchagua, na kutumikia jamii, ambako ndiko kauli ya shule, sasa ni somo la lazima kwa kila mtoto wa Kenya. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna anayeambiwa asizidi hapo. Seremala wa Gredi ya 10 anasoma hisabati na anaweza kwenda chuo kikuu. Wazazi wengi wanakimbilia STEM kwa woga, wakidhani mikondo mingine ni ya walioshindwa. Sikubaliani nao. Nimeona pia wazazi wanaomwondoa mtoto kwenye sayansi kwa sababu ana kipaji cha lugha, na hilo nalo silikubali. Kuria na wenzake hawakuacha hesabu ili waandike.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usimhamishe mkondo sasa. Siku ya kuripoti, muombe mwalimu anayesimamia mikondo akuonyeshe mchanganyiko wa masomo aliopewa mwanao, na uulize kama somo la tatu linaweza kuwa Fasihi ya Kiswahili. Likikubaliwa, vizuri sana. Lisipokubaliwa, bado atakuwa na Kiswahili cha lazima kila wiki, na jioni zake ni zake. Ulizia chama cha drama na chama cha Kiswahili, nani mlezi wake, hukutana lini. Baada ya muhula wa kwanza keti naye, umuulize anafurahia nini, usimuulize amepata ngapi. Kama mwisho wa muhula sayansi inamtoa machozi na uandishi ndio unaomwamsha asubuhi, rudini kwa mwalimu huyo huyo muombe abadilishiwe mkondo mapema, kabla masomo hayajaenda mbali. Akingoja Gredi ya 11 atakuwa na mengi ya kufidia.

Na umpe blanketi la pili na sweta nzito. Kikuyu iko juu karibu mita 2,000, na mwezi wa saba kule baridi yake mtoto wa Kaloleni hajawahi kukutana nayo.